Gatumba: Uwanja ukimezwa na maji, hamu ya kucheza ibaki

GATUMBA, mji mdogo ulio magharibi mwa Bujumbura kwenye barabara iendayo Uvira, nchini Kongo, husikika zaidi katika habari za mafuriko. Mwaka 2020 Mto Rusizi ulifurika na kuwahamisha maelfu ya wakazi. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia majumbani.

Hasara inapohesabiwa, nyumba na mashamba hutajwa kwanza, na ni haki. Isiyotajwa ni hasara ya mwanafunzi ambaye mahali pake pa kuchezea jioni pamegeuka dimbwi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kila mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Utafiti wa shirika hilo uliochapishwa mwaka 2019, ukihusisha nchi 146, ulibaini kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho: wasichana asilimia 85, wavulana asilimia 78.

Ratiba ya shule peke yake haiwezi kutoa dakika hizo kila siku. Nyingi lazima zitoke katika muda wa kijana mwenyewe, pasipo filimbi ya mwalimu. Je, hamu hiyo ataipata wapi?

Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Martin Hagger na Nikos Chatzisarantis walionyesha kuwa jibu huanzia shuleni. Wanafunzi wanaoona kwamba mwalimu wa michezo anawapa nafasi ya kuchagua, anawaeleza sababu za zoezi na kuwasikiliza, hulipenda zoezi lenyewe, na mapenzi hayo huwafuata hadi nyumbani. Anayekimbia kwa kuogopa fimbo husimama fimbo inapowekwa chini.

Hili linagusa mazoea ya shule nyingi za Afrika Mashariki, ambako aliyechelewa huamriwa kuzunguka uwanja mbio au kuruka kichura. Aliyefundishwa kwamba kukimbia ni adhabu, atakimbiaje kwa hiari yake jioni? Nayo mashindano ya shule za sekondari za kanda, FEASSSA, huwapeleka wachache wenye vipaji. Wengi hubaki watazamaji.

Burundi haikosi wa kuigwa. Vénuste Niyongabo alitwaa dhahabu ya mita 5,000 Atlanta mwaka 1996, na Francine Niyonsaba fedha ya mita 800 Rio de Janeiro mwaka 2016. Jijini Bujumbura, kukimbia kwa makundi huku watu wakiimba ni desturi ya siku nyingi. Lakini medali ya mwingine haimwinui kitini kijana asiyeuona mchezo kuwa wake.

Kwa Gatumba, funzo hilo halihitaji fedha nyingi. Kuruka kamba, kucheza ngoma na kuvutana kamba huhitaji kipande kidogo tu cha ardhi kavu. Wasichana, ambao wengi wao wakitoka shule husubiriwa na ndoo za maji na jiko, waulizwe wanapenda nini na saa ngapi wanapata nafasi. Nao wazazi wawagawie kaka zao sehemu ya kazi hizo.

Mwalimu hana uwezo wa kuuzuia Rusizi. Ana uwezo wa kuacha kutumia mbio kama adhabu, na hilo anaweza kulianza kesho asubuhi.