KIJINO CHA BUNDUKI KIKILEGEA

Mkulima mwenye kibali cha bunduki analenga nguruwe anayekula mahindi yake. Analenga vizuri, anapiga, lakini nguruwe anakimbilia kichakani na jeraha. Nguruwe wa namna hiyo ni hatari kwa kijiji kizima. Watu watasema bunduki imerogwa. Sisi tunasema, hebu kwanza shikeni kijino cha mbele.

Kijino ni kile kichuma kidogo kinachosimama juu ya mtutu, karibu na mdomo wake. Ukilenga, unapanga kipengo cha nyuma, kijino na mnyama katika mstari mmoja. Kijino kikihama kwenda kulia, risasi inakwenda kushoto.

Tupige hesabu. Tuseme kutoka kipengo cha nyuma hadi kijino ni sentimeta 50. Mnyama yuko mita 50, yaani mara 100 ya urefu huo. Kijino kikisogea milimeta 1 tu, kosa nalo linakuwa mara 100: sentimeta 10! Akiwa mita 100, ni sentimeta 20.

Katika bunduki za zamani kama Lee-Enfield, waliyotumia askari wa King's African Rifles katika vita ya 1939 hadi 1945, kijino kimeingizwa kwa ubavu ndani ya mfereji. Mfereji huo ni mpana chini na mwembamba juu, ili kijino kisichomoke. Ukilika, kijino kinaanza kucheza.

Kukaza ni kazi ya fundi wa bunduki mwenye leseni. Lakini mwenye mali naye ajue kinachofanyika, asije akadanganywa. Kwanza risasi zote zinatolewa. Fundi anasafisha mfereji, halafu anagonga vitone vidogo chini yake kwa chuma chenye ncha. Kandokando ya kila kitone chuma kinainuka kidogo, na hicho ndicho kinachobana kijino. Nafasi ikiwa kubwa, anatia kipande chembamba cha shaba. Kijino anakigonga kwa kijiti cha shaba, maana chuma kitakiponda.

Usimpelekee mhunzi akautie mtutu motoni! Moto mkali unaharibu ugumu wa chuma, na mtutu unaweza kupasuka usoni pako.

Baadaye bunduki inajaribiwa mahali salama. Risasi zikienda kushoto, fundi anasogeza kijino kushoto. Zikitulia, mwombe akate mstari mwembamba unaopita juu ya kijino na kikalio chake. Kabla ya kwenda shambani tazama mstari huo. Ukiona umeachana, irudishe kwa fundi.