Awi: Usanifu wa Boma la Waturkana
Lokitaung hutajwa vitabuni kwa sababu ya gereza alimofungwa Jomo Kenyatta baada ya hukumu ya Kapenguria ya mwaka 1953. Usanifu wa wenyeji hutajwa kwa nadra. Awi, yaani boma la Waturkana, hujengwa na wanawake kwa matawi na majani ya mkoma. Kila mke ana ekol, kivuli cha mchana, na akai, nyumba ya kulalia yenye umbo la kuba, ambayo hufunikwa kwa ngozi mvua inyeshapo. Mazizi ya mifugo hushikamana na makazi hayo. Watafsiri wengi huandika “kibanda”, neno lenye kudokeza unyonge. Lakini akai haikukosa mawe. Imekusudiwa kuachwa malisho yanapokwisha, na nyingine kujengwa kwingine.