Zulia la Kijani Chini ya Mwembe

(Muziki unashuka.)

Salamu kwenu mlioko Arua mjini, Rhino Camp, Imvepi, na wenzetu wa Lobule kule Koboko. Leo tunazungumza juu ya uwanja wa nyumbani ambao nyasi zimekwisha chini ya mwembe, na mahali pake pametanda kitu cha kijani, laini kama zulia, chenye utelezi mvua ikinyesha. Msidhani ni habari ya urembo. Mama mwenye jerikani ya lita 20 kichwani akiteleza hapo, anaweza kuvunjika mguu. Mjamzito na mzee ndio zaidi.

Wengi wanaita kuvu. Si kuvu, ni mmea mdogo sana usio na mizizi ya kweli; hunywa maji kwa majani yake. Hautoi maua wala mbegu, husambaa kwa chembe laini kama vumbi. Kiangazi kikija unakauka mpaka unadhani umekufa; mvua zikirudi, unaamka. Ndiyo maana ukikwangua tu kwa jembe ukaacha hapo, umejichosha bure.

Na tusiusingizie. Haukuua nyasi. Nyasi zilikosa jua, na udongo ulikanyagwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu, maji hayazami. Mmea huu umehamia nyumba iliyokwisha kuhamwa.

Basi anza na maji. Yale yanayotiririka kutoka kwenye paa na bafuni, yachimbie mfereji mdogo yaende kwenye migomba. Halafu kwangua, toboa udongo kwa chuma chenye ncha, shimo kila baada ya shubiri moja, utie mboji.

Kisha jua. Punguza matawi ya chini, lakini baba, tafadhali, usiangushe mti! Miti imepungua sana kwenye makazi yetu, na saa saba mchana kivuli hicho ndicho sebule. Ukoka usiupande hapo, unapenda jua. Tazama kwa jirani nyasi za majani mapana zinazotambaa kivulini, omba vipande, panda mvua zinapoanza. Watoto wachezee pengine kwanza. Kama jua halifiki kabisa, achana na nyasi, mwaga kokoto. (Huko Kyoto, Japani, hekalu la Saihō-ji linasifika kwa bustani ya mmea huu huu, na wageni hulipa kuiona. Lakini wao hawapiti na jerikani.)

Chumvi? Itaua na nyasi zilizobaki. Oili chafu ya pikipiki ni mbaya zaidi: inaharibu udongo, na mvua inaipeleka kwenye maji. Majivu hayadhuru kwa kiasi, ila hayaondoi kivuli wala unyevu.

Sakafu ya saruji penye bomba ni kazi nyingine: mchanga, maji na ufagio mgumu, kila wiki wakati wa mvua. Wa kamati ya maji, mfereji wenu umeziba. Zibueni kwanza, ndipo msugue.

(Muziki.)