Mfalme wa Dawati la Nyuma

Mwalimu akishatoka darasani, kiranja hushika kalamu na kuanza kuandika wapiga kelele. Katika shule nyingi za Kahama, Msalala au Geita majina hujirudia: Masanja, Mabula, Kulwa, Doto. Doto huandikwa hata akiwa amenyamaza, kwa kuwa aliyecheka ni Kulwa na kiranja hajui kuwatofautisha mapacha.

Kiranja mwenyewe ni kituko. Wenzake humwita mnoko, naye kila kicheko hukiongezea alama mbele ya jina: "mara mbili", "mara tatu", "sana". Hata hivyo, sauti inayofika hadi ofisi ya walimu ni yake yeye akipaza, "Kelele!" Karibu naye huketi kipanga, anayefunika daftari kwa kiwiko kama mlinzi wa benki. Nyuma yake kilaza hupiga chabo kwa uaminifu mkubwa mno. Walimu hawachoki kusimulia habari za yule aliyenakili hadi jina la mwenzake.

Lakini mfalme wa darasa ni mchekeshaji wa dawati la nyuma, na huyu Usukumani ana mahali pengine pa kujifunzia. Baada ya mavuno, ngoma za Kisukuma huchezwa kwa mashindano kati ya Bagika na Bagalu, vyama vinavyotokana na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na linalovuta watu wengi ndilo mshindi. Ndiyo maana wako wanaocheza na chatu, na wengine hutoka na sarakasi na mizaha. Mtoto aliyekulia kwenye uwanja huo anajua kwamba watazamaji hunyang'anywa. Mwalimu wa hesabu akigeukia ubao, kwake hilo ni kundi pinzani lililozembea.

Silaha yake ya kwanza ni lafudhi. Kisukuma hakina sauti ya "r", basi akiulizwa katika somo la uraia Mtanzania akitimiza miaka 18 anapata haki gani, hujibu kwa sauti nzito, "Ya kula!" Darasa zima hoi. Kutamka anajua sana, ameamua tu.

Ukanda wa dhahabu nao umezaa mhusika wake, tajiri mtarajiwa. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, soko la madini likafunguliwa mjini humo mwaka 2019, na wachimbaji wadogo wametapakaa kila upande. Huyu ukimwomba peni, anauliza utamlipa gramu ngapi. Hesabu za sehemu ubaoni humtoa jasho, lakini mpe mifuko ya mbale, yaani mawe ya dhahabu, aigawe kati ya mwenye duara (shimo la kuchimbia), mwenye eneo na wachimbaji: hakosei hata kidogo.

Jirani yake husinzia. Wenzake humwita "mzee wa shifti", kana kwamba amekesha mgodini, naye huwajibu kwa kukoroma makusudi. Kicheko hiki kinataka kuangaliwa mara mbili. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini, lakini ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013, iliyogusa Geita na Shinyanga, ilikuta watoto hata wa miaka minane wakichimba na kuponda mawe, wengine wakishika zebaki. Na si kila mzaha ni wa raha: mwanasaikolojia wa Kanada Rod Martin na wenzake, mwaka 2003, waliugawa ucheshi katika mafungu manne: wa kuwaweka watu pamoja, wa kujipa moyo, wa kuumiza wengine, na wa kujishusha ili wengine wacheke. Huu wa mwisho mara nyingi huandamana na wasiwasi na huzuni.

Hata kicheko chenyewe si lazima kiwe cha furaha: si mbali na Geita, huko Kashasha mkoani Kagera, Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka wasiweze kujizuia. Walioambukizwa walifika 95 kati ya wanafunzi 159, na Machi shule ikafungwa. Madaktari walipima, ugonjwa wa mwili hawakuuona.

Mchekeshaji wetu, yeye, sikukuu yake ni mahafali ya darasa la saba. Huingia na suruali iliyopandishwa hadi kifuani, fimbo kwapani, akiiga mwendo na kikohozi cha mwalimu mkuu aliyeketi meza kuu. Wazazi huinuka mmoja mmoja kumtuza, na mwalimu wa nidhamu, baada ya kutazama kushoto na kulia, naye hutoa noti yake.