Papa wa kale alibadilisha meno maisha yake yote, mwanao ana awamu mbili tu

Mlimba. Jino la mbele la mtoto wa miaka sita likitoka, nyumba nzima huchangamka. Huyu anamwambia alirushe juu ya paa, yule anamtania kuwa amekuwa kibogoyo kama babu.

Katika nyumba moja niliyofikia hapa Mlimba, mtoto aliyepatwa na mkasa huo alikuja na swali ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa na jibu lake. Alikuwa ameona papa mkavu sokoni, akataka kujua kama papa naye huwa kibogoyo.

Jibu ni hapana. Ili kuelewa kwa nini, inabidi turudi nyuma sana, enzi ambazo dinosaria walikuwa wakitembea kusini mwa nchi yetu.

Papa wa Tendaguru

Tendaguru ni kilima kilichopo mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, watafiti kutoka Berlin wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig walichimba hapo mifupa ya dinosaria. Kazi ngumu ilifanywa na mamia ya Watanganyika, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa hiyo kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa dinosaria hao, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimamishwa hadi leo katika makumbusho ya Berlin.

Lakini katika udongo huohuo kulikuwa na vitu vidogo ambavyo havikupata sifa kama hiyo: meno ya papa. Mwaka 2002 wataalamu walichapisha maelezo ya samaki wa Tendaguru, na miongoni mwao walikuwamo papa wa kundi linaloitwa hibodonti. Waliishi hapo miaka takriban milioni 150 iliyopita, wakati eneo hilo lilipokuwa pwani.

Hibodonti ni kundi la papa lililokwisha kabisa duniani. Lilianza zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita na kutoweka miaka milioni 66 iliyopita, wakati uleule dinosaria walipotoweka. Wengine walikuwa wadogo kama perege, wengine walifika mita mbili au zaidi. Mgongoni walikuwa na mapezi mawili, kila moja likitanguliwa na mwiba mgumu. Madume walikuwa na miiba mingine kichwani. Wengi waliishi baharini, lakini wapo waliokaa kwenye mito na maziwa ya maji baridi, kama walivyo kambale wa Mto Kilombero leo.

Kilichobaki ni jino

Mwili wa papa hauna mifupa kama yetu. Umeshikiliwa na gegedu, ile nyama ngumu inayopindika unayoigusa kwenye sikio lako. Gegedu huoza upesi. Ndiyo maana papa wengi wa kale tunawajua kwa meno na miiba yao tu.

Meno hayo yanaeleza mengi. Jina hibodonti lenyewe linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya jino lenye nundu. Waliokuwa na meno yenye ncha walikamata samaki na wanyama wa jamii ya ngisi. Waliokuwa na meno bapa walisaga konokono na wanyama wengine wenye magamba.

Na meno yalikuwa mengi. Ndani ya taya la papa, nyuma ya jino linalotumika, yapo mengine yamelala kwenye ufizi yakisubiri zamu. La mbele likidondoka, la nyuma linasogea kushika nafasi. Papa wa leo huendelea hivyo hadi kufa, na baadhi yao hupoteza maelfu ya meno bila hasara yoyote. Hibodonti nao walibadilisha meno kwa mtindo huo.

Mtoto hana akiba hiyo

Hapa ndipo stori ya papa inapomhusu mzazi. Mwanao ana awamu mbili tu: meno 20 ya utoto, kisha 32 ya ukubwani. Ya kwanza huanza kuota karibu na miezi sita, na huanza kung'oka karibu na miaka sita. Baada ya hapo, likitoka la ukubwani, hakuna jingine linalosubiri.

Tofauti na papa, akiba yote ya mtoto imefichwa ndani ya taya. Mtoto mchanga asiye na jino hata moja tayari ana vijimeno laini chini ya ufizi. Vya chonge huweza kuonekana kama uvimbe mweupe, ingawa chonge zenyewe huota baada ya mwaka na miezi kadhaa.

Uvimbe huo ndio ambao katika jamii zetu nyingi huitwa meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Mtoto akiharisha au akipata homa, lawama huangukia hapo. Anapelekwa kwa mtu anayechokonoa ufizi kwa wembe, kisu au spoku ya baiskeli.

Kinachotolewa ni jino halali la mtoto ambalo halijakomaa. Jeraha linaweza kuleta kutokwa damu nyingi, pepopunda, maambukizi kwenye damu, hata virusi vya Ukimwi kifaa kikitumika kwa watoto wengi. Jino la ukubwani lililo chini yake nalo linaweza kuharibika, na mzazi akaja kugundua miaka kumi baadaye. Wakati huohuo, malaria, kichomi au ugonjwa wa kuhara uliokuwa chanzo unaendelea bila dawa.

Mzazi ufanye nini

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe ORS, na mpeleke kituo cha afya ambako atapewa pia zinki. Akiwa na homa, apimwe malaria. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usisubiri kesho.

Jino la kwanza likiota, anza kulipiga mswaki mara mbili kwa siku. Tabaka la nje la jino la papa lina floraidi kiasili, madini yanayolisaidia kutooza. Letu linahitaji msaada wa dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kiasi cha njegere kwa wa miaka mitatu hadi sita. Msaidie kupiga mswaki hadi afike miaka saba au minane.

Yule mtoto wa Mlimba nilimjibu hivyo: papa hawi kibogoyo, kwa sababu ana meno ya akiba maisha yake yote. Akaniuliza yeye amebakiza mangapi. Tukaketi kibarazani, tukaanza kuhesabu.