Bibi akisahau njia ya nyumbani, kidonge kimoja kitatosha?

Chukua mfano wa bibi aliyetoka Kilosa kuja kukaa na binti yake Mikumi. Amemaliza kula ugali, anauliza mbona hajapewa chakula. Akitumwa dukani anaishia ukingoni mwa barabara kuu ya Iringa, malori yanapita. Majirani wanasema ni uzee tu. Wengine, kwa bahati mbaya, wananong'ona uchawi.

Huenda ni ugonjwa wa Alzheimer, chanzo kikuu cha demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta demensia kwa wazee kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi.

Dawa zipo, ila kila moja inagusa sehemu moja tu. Donepezil hulinda asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Memantine hudhibiti kemikali nyingine. Hupunguza makali kwa muda, haziponyi, maana ugonjwa wenyewe una mikono mingi: protini zinaganda nje ya seli, nyingine zinajisokota ndani, na seli zinakufa taratibu.

Ndiyo maana wanakemia wanajaribu kuunda molekuli moja yenye kazi zaidi ya moja. Ladostigil, kwa mfano, iliunganisha kipande cha rivastigmine, dawa ya Alzheimer, na kipande cha rasagiline, dawa ya Parkinson. Matokeo ya jaribio la miaka 3, yaliyochapishwa 2019, hayakuthibitisha kwamba inachelewesha ugonjwa. Si kazi rahisi: kipande kimoja kinaweza kutaka dozi kubwa na kingine ndogo, na molekuli ikinenepa sana haipenyi kuingia kwenye ubongo.

Kwa hiyo yule binti wa Mikumi asiuze shamba kwa sababu ya tangazo la dawa ya "kuponya kabisa". Ampeleke mama yake hospitali. Tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 na sonona pia husahaulisha, na hivyo hutibika. Abebe vidonge vyote vya nyumbani, hata vya mafua. Klofeniramini, ambayo wengi huiita piritoni, hupinga ile ile asetilikolini ambayo donepezil inailinda, na mzee huweza kuchanganyikiwa zaidi. Daktari akiikuta mfukoni, atajua pa kuanzia.