Umeshiba Kweli, au Umejaza Tumbo Tu?

Leo naanza kwa kukiri kosa. Kwa miezi kadhaa mume wangu alikuwa anaamka kabla yangu kuniandalia chai: maziwa, sukari ya kutosha, vipande vinne vya mkate mweupe vyenye siagi na jemu. Nakula, nashukuru, natoka. Ikifika saa nne tu, niko kwa mama ntilie nyuma ya ofisi, nanunua chapati mbili. Kwa siri, eti! Siku moja akakuta karatasi yenye mafuta kwenye mkoba wangu. Hakugomba. Alisema tu, "Kama chai yangu huipendi, si ungeniambia?" Asubuhi iliyofuata hakuamka.

Jamani, iliniuma. Chai yake naipenda, ila njaa ilikuwa inanirudia kama mdai.

Kumbe mchawi alikuwa mkate. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, walipima vyakula 38. Kila chakula kilikuwa na kalori 240, na walaji waliulizwa kila dakika 15, kwa saa mbili, wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ukapewa alama 100 uwe kipimo. Mayai yakapata 150, samaki 225. Kinara? Viazi vya kuchemsha, 323! Viazi hivyo hivyo vikikaangwa kuwa chipsi vikaambulia 116. (Poleni wapenzi wa chipsi, mimi nikiwemo.) Keki ndiyo usiseme: 65.

Tumbo halihesabu kalori. Linasikia uzito wa chakula, maji yake, protini na nyuzinyuzi. Viazi vya kuchemsha vya kalori 240 vinajaza sahani. Chipsi za kalori hizo ni fungu dogo tu. Mkate mweupe na sukari humeng'enywa chapuchapu, sukari ya damu inapanda, insulini inaishusha, na kwa baadhi yetu inashuka hata chini ya pale ilipoanzia. Hapo ndipo unapoanza kunusa chapati za watu.

Jumamosi ile niliamka mimi. Nikachemsha viazi na mayai, nikakata kachumbari, nikamweleza yote mpaka idadi ya chapati. Kwenye idadi alicheka. Kwenye siri hakucheka, na hapo tuliongea mpaka chai ikapoa.

Siku hizi tunaamka kwa zamu. Chapati sijaacha, ila nanunua Ijumaa, na zake mbili nampelekea nyumbani.